Kifungu cha Kigoda Chekundu

Mambo yaliharibika siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na saba Septemba, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na ubaya wenyewe ni kwamba siku ilikuwa nzuri. Jua lilitoka safi kama sahani iliyooshwa. Hapakuwa na upepo wa kuzima hata kiberiti. Katika uwanja wa kiwanda cha skrubu cha Bosi Giam, Fundi Hok-tsui, mpishi wa karamu, alikuwa ameshasimamisha mahema, ameshapanga meza sitini za duara na vigoda mia sita vyekundu vya plastiki, na majiko kumi na mawili ya gesi yalikuwa yakinguruma. Chewa sitini walikuwa ndani ya vikapu vya mvuke, mmoja kwa kila meza. Na chewa akishaingia kwenye mvuke harudi tena baharini.

Simu ikalia. Siok-ling, bintiye, aliipokea kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

"Baba, Meneja Liao anasema hakuna karamu."

"Mwambie mzaha aufanye baada ya kula."

"Anasema kuna tufani."

Hok-tsui alitazama juu. Akalamba kidole, akakiinua, akakigeuza huku na huku kama mtu anayeita mhudumu. Kidole kilikauka kwa jua.

Ukweli ni kwamba tufani ilikuwepo jana yake, mbali baharini, na mkuu wa wilaya alikuwa ametangaza kwenye redio kwamba Ijumaa shule, ofisi na viwanda vyote vifungwe. Kisha tufani yenyewe ikageuza njia ikaelekea kaskazini, kama mgeni aliyefika mlangoni akakumbuka kwamba amealikwa kwingine. Lakini tangazo halikugeuka. Mwaka uliotangulia wakubwa hao walikuwa wamelaumiwa kwa kuchelewa kutangaza, basi mwaka huu wakawahi. Ndivyo walivyo. Mkubwa akikosea kwa kuchelewa, wewe unaloa. Akikosea kwa kuwahi, wewe unalipa. Yeye haloi wala halipi.

Hok-tsui na watu wake hawakuwa na habari, maana walikuwa wameinamia mabata tangu jana. Zamani mambo ya redio, simu na makubaliano yalikuwa ya Pek-lan, mkewe. Pek-lan alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo redio ya jikoni ilikuwa imekaa kimya juu ya friji, imevaa vumbi.

Saa tatu Meneja Liao alifika kwa pikipiki, amevaa ndala na kaptula, maana kwake ilikuwa sikukuu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mnunuzi wa kiwanda, mwenye kalamu tatu kifuani hata akivaa fulana. Hok-tsui alimtolea karatasi nyekundu ya makubaliano. Ilikuwa imeandikwa mstari mmoja: *Meza sitini, za akiba nne, saa sita mchana, kama kawaida.*

"Kama kawaida," alisoma Liao. "Sasa Fundi, kawaida ya siku ya tufani ni ipi? Watu hukaa nyumbani."

"Tufani iko wapi?"

"Imetangazwa."

"Nimekuuliza iko wapi, sijakuuliza nani kaisema."

"Fundi Tsui, mimi na wewe ni watu wadogo. Wakubwa wamesema tufani, ni tufani." Liao aliinama akanusa kikapu cha mvuke. "Arubuni mliyopokea bakini nayo, kiwanda hakiidai. Zaidi ya hapo mkono wangu mfupi. Lakini hawa chewa wananukia, jamani. Hebu nifungieni wawili, mke wangu anawapenda."

Na Siok-ling akawafunga. Ndilo lililomuuma Hok-tsui kuliko yote: binti yake kusimama pale, kichwa kimeinama, akimfungia chewa wawili mtu aliyewaacha na hamsini na wanane, na kumwekea na tangawizi.

*

Chakula cha meza sitini hakilali. Kufikia saa saba habari zilikuwa zimeenea mji mzima wa Sua-kha, na watu wakaja na sufuria, ndoo na mabeseni ya kuogea watoto. Waliokosa bata walipata mchanganyiko: mabaki yote ndani ya chungu kimoja, kabichi juu, moto chini. Kwao mchanganyiko huo ni mtamu kuliko karamu yenyewe, na wazee wa nyumba ya wazee walikula mpaka muuguzi akaita daktari.

Tangu siku hiyo Hok-tsui hakuwa tena Fundi Tsui. Akawa Fundi Tufani.

"Fundi Tufani, nyingine inakuja lini?" waliuliza sokoni. "Ile ya Septemba ilikolea chumvi vizuri!"

Alicheka nao, kwa meno. Wauza samaki na mabata walitaka chao, na haki yao. Akaenda kwa mkopeshaji, akaweka rehani kadi ya lori. Lori aliruhusiwa kuendelea kuliendesha, lakini asipokomboa kadi kabla ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, lori lingeondoka na vyote vilivyomo: majiko, mahema, vikapu vya mvuke, na mabeseni mia mbili ya bati. Mabeseni hayo yalikuwa na jina chini, kwa rangi nyekundu, kama mafundi wote wa karamu wanavyofanya ili vyombo visichanganyike. Jina lilikuwa Pek-lan, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kuuza lori ilikuwa kumuuza beseni kwa beseni.

"Likienda, mimi narudi kiwanda cha vioo vya simu," alisema Siok-ling. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na huko alikuwa amewahi kuvaa joho jeupe miaka sita na kuruhusiwa kwenda msalani mara mbili kwa zamu. Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama mtu anayesema kesho atanunua vitunguu, na ndiyo maana lilimwingia babake mpaka kwenye mfupa.

*

Novemba Meneja Liao alirudi, safari hii amevaa viatu. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wamechoka kusimuliwa na majirani utamu wa karamu ambayo wao wenyewe hawakuila. Walitaka karamu ya kufunga mwaka ipikwe na yule yule. Meza sitini, tarehe kumi na sita ya mwezi wa kumi na mbili, kwa kalenda ya mwezi. Liao alitoa bahasha.

"Makaratasi mekundu yamekwisha," alisema. "Sasa tunafanya kisomi. Huu mkataba umeandikwa na wakili wa mji mkuu. Kurasa kumi na nne. Piga muhuri hapa, hapa na hapa."

"Unasemaje?"

"Unasema upike."

"Kurasa kumi na nne kusema upike?"

"Fundi, wote wameshapiga muhuri."

"Wote nani?" aliuliza Siok-ling.

Liao alikuna shingo. "Mwenye kutuletea maji ya kunywa."

Siok-ling alikwenda na karatasi dirishani. Kifungu cha sita alikisoma kwa sauti, taratibu, kama anayetoa mwiba: *Endapo kutakuwa na tangazo lolote la mamlaka yoyote, Mwagizaji anaweza kufuta karamu wakati wowote bila kulipa chochote.*

"Tangazo lolote," alisema Hok-tsui. "Wakitangaza moshi hewani?"

"Lolote ni lolote," alisema Liao.

"Mafua ya mabata?"

"Lolote, Fundi."

"Wakitangaza mkubwa kazaa?"

Liao aliweka bahasha mezani akasema kama kuna la kubadilisha walete kwa maandishi kabla ya mwisho wa Desemba, naye angelipeleka kwa Bosi. Alilisema akitabasamu. Alijua Hok-tsui aliacha shule darasa la sita, mwaka babake alipovunjika mguu.

Kesho yake Siok-ling alimwandikisha babake darasa la kuandika mikataba.

*

Darasa lilikuwa juu ya duka la ushirika wa wakulima, Jumatatu na Jumatano alasiri, na lilinuka mbolea kwa sababu ghala lilikuwa chini yake. Mwalimu alikuwa Bi Kang, mjane wa miaka sitini na minane aliyekuwa ameandikia watu mikataba miaka arobaini katika kibanda kinachotazamana na ofisi ya ardhi. Mwenyewe alikuwa mfupi kama chupa ya siki. Wanafunzi walikuwa tisa, na aliyekaa jirani na Hok-tsui alikuwa Shangazi A-tho, muuza popoo, ambaye mwenye nyumba wake alimpandishia kodi kila alipopaka mlango rangi.

"Kifungu," alisema Bi Kang siku ya kwanza, "ni lazima kijibu manne. Nani? Afanye nini? Lini? Na asipofanya, je? Kisichojibu manne hayo ni salamu za sikukuu. Haya, andikeni."

Hok-tsui aliandika nusu saa, ulimi nje. Mwalimu akakisoma mbele ya wote: *"Tufani ikija, tutaelewana kama watu wazima."*

Darasa likacheka.

"Mkielewana, mkataba wa nini?" aliuliza Bi Kang. "Mkataba huandikwa kwa ajili ya siku ambayo hamwelewani. Rudia."

Jumatano alileta kingine. Safari hii alikuwa amekiandika kwa hasira na kalamu ilikuwa imetoboa karatasi: *"Mkuu wa wilaya akitangaza tufani na tufani isije, mkuu wa wilaya atalipa chewa wote, na hataalikwa karamu yoyote mpaka afe."*

Walipiga makofi. Shangazi A-tho alitaka kukinakili.

"Kitamu," alisema Bi Kang. "Nani, yupo. Nini, kipo. Lini, lipo. Lakini mkuu wa wilaya hajaketi mezani na hajapiga muhuri. Mkataba ni kama shuka, Bwana Hok-tsui. Humfunika aliyelala ndani yake tu."

"Kwa hiyo wakubwa hawafungwi na kitu?"

"Kwa mkataba wako, hapana. Wafunge kwa kura."

"Nilipiga kura."

"Ulimpa nani?"

Hok-tsui alitazama dirishani, akahesabu magunia ya mbolea.

"Mungu wangu," alisema Shangazi A-tho. "Kampa huyo huyo!"

Ilibidi Bi Kang agonge meza kwa rula ndipo darasa likatulia. Hok-tsui alirudi nyumbani amenuna. Lakini njiani aligundua kwamba mdomo wake ulikuwa ukisema peke yake: nani, nini, lini, na asipofanya, je. Maneno yalikuwa yakitembea na miguu yake.

*

Kilichomfungua hakikutoka darasani. Kilitoka jikoni, kwenye beseni la jongoo wa bahari waliokuwa wakilowekwa kwa ajili ya harusi ndogo ya jirani.

"Baba," alisema Siok-ling, amekaa na daftari gotini, "harusi hii ikifutwa sasa hivi, tunapoteza nini?"

"Jongoo tu. Wakishalowana hawauziki tena."

"Ingefutwa wiki iliyopita?"

"Hakuna. Arubuni ya kuwashikia siku, basi."

"Ikifutwa kesho kutwa?"

"Kesho kutwa samaki ameshauawa. Samaki hai namrudishia Mzee wa bwawani, samaki mfu hataki. Na moto ukiwaka..." Alisita. Aliinua beseni amwage maji, na chini yake jina jekundu likapita mbele ya macho yake likielekea ukutani. "Moto ukiwaka, vyote vimekwenda."

"Basi hivyo ndivyo vifungu vyako," alisema Siok-ling. "Umevitaja vyote vinne na huna habari."

Waliandika hapo hapo, kwa kalamu ya kuandikia majina ya wateja. Kabla jongoo hawajalowekwa, Fundi anabaki na arubuni. Jongoo wakishalowekwa, Mwagizaji analipa robo. Samaki akishauawa, nusu. Moto ukishawashwa, nusu inalipwa taslimu asubuhi hiyo hiyo, na iliyobaki sahani ya mwisho ikifika mezani. Hok-tsui aliongeza kwamba moto utawashwa mbele ya mtu wa kiwanda mwenye saa. Hakufundishwa hilo na mtu. Siok-ling alimtazama kama anayemwona babake amepanda baiskeli bila kushika.

Bi Kang alikisoma Jumatatu kimya, mara mbili, akaondoa neno moja tu.

"Bado tufani," alisema. "Unataka tangazo peke yake lisitoshe. Sawa. Lakini nani atasema upepo upo au haupo? Wewe utasema haupo, yeye atasema upo."

"Kigoda kitasema," alijibu Hok-tsui.

"Kigoda gani?"

"Chekundu, cha plastiki, cha kukalia wageni. Mimi nimepika nje miaka arobaini, Mwalimu. Upepo wa kigoda kutulia, unapika. Upepo wa kigoda kuondoka chenyewe, unafunga hema unakimbia. Hatuna kipimo kingine, na hakijawahi kutudanganya kama redio."

Bi Kang alivua miwani akaiweka mezani. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Alicheka bila sauti, kwa muda mrefu, akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Miaka arobaini nimeandika," alisema. "Sijaona kipimo cha bei rahisi hivyo. Haya: kigoda kinawekwa wapi? Na nani? Nani anakilinda? Kikihama kiasi gani? Andika, Bwana Hok-tsui. Andika kabla sijaanza kucheka tena."

*

Ofisi ya Bosi Giam ilikuwa na makochi ya ngozi na sufuria ya chai, na juu ya meza mabakuli ya skrubu kama karanga. Bosi alikuwa mzee wa miaka sabini na mbili aliyeanza kwa kukata skrubu kwa mkono, na kidole kimoja cha kushoto kilikuwa kimebaki kwenye mashine ya mwaka fulani. Hok-tsui alikaa ukingoni mwa kochi, amevaa koti la harusi yake. Siok-ling alikaa karibu naye. Liao alisoma.

"Jongoo wa bahari!" alisema. "Bosi, katika mkataba wa kampuni kuna jongoo."

"Endelea."

"Halafu kuna kigoda. Mkuu wa wilaya atangaze tufani asitangaze, eti tunatoka kwenda kutazama kigoda; kikihama, hasara nusu kwa nusu." Alicheka, akamgeukia Hok-tsui kwa upole wa mtu anayemwelekeza kipofu. "Fundi wangu, karamu ni Januari. Wewe umewahi kusikia tufani Januari?"

Siok-ling alifumba macho. Wiki sita walikuwa wamekipima kile kifungu kila upande, na hakuna aliyefikiria kutazama kalenda, wala mwalimu.

"Sijawahi," alisema Hok-tsui. "Lakini Septemba pia haikuwepo, na mlifuta."

 Kisha Bosi Giam aliweka kikombe chini akacheka mpaka skrubu zikalia kwenye bakuli.

"Liao," alisema, "hebu jibu hilo."

Liao hakuwa mtu wa kushindwa bila kuchukua chochote. Alitoa kalamu moja kati ya tatu. "Hapa mmeandika *kikihamishwa na upepo*. Nani anaujua upepo? Watu wake wanaweza kusema ni paka, ni mtoto. Iandikwe *kikitoka ndani ya alama bila kuguswa na mtu*. Hiyo inaonekana kwa macho."

Hok-tsui alilipitisha kichwani kwa maswali manne. Likapita. Akakubali.

"Na mimi nina langu," alisema Bosi. "Kichwa cha kuku."

Kila mfanyakazi wa kisiwa kile anajua. Kwenye karamu ya kufunga mwaka, kuku mzima huletwa mezani, na anayeelekezewa kichwa huambiwa kimya kimya kwamba baada ya sikukuu asirudi. Bosi Giam, ili watu wale kwa amani, kila mwaka alitaka kichwa kielekezwe kwake.

"Mwaka juzi fundi mwingine alisahau," alisema. "Mhasibu wangu alizimia. Mzuri sana yule mhasibu. Andika kuku awe kifungu cha tisa."

"Nani atakielekeza?" aliuliza Hok-tsui papo hapo. "Lini? Na kisipoelekezwa, je?"

Bosi Giam alimtazama Liao. "Huyu umeniambia hajasoma?"

Waligonga mihuri. Hok-tsui alitoa wake wa pembe ya nyati, akapanga kurasa kama karata na kugonga kwenye mshono wa kila mbili, nusu ya jina huku na nusu kule, ili ukurasa usibadilishwe. Liao hakuwa amemwambia hilo. Bi Kang ndiye aliyemwambia.

*

Tarehe kumi na sita ya mwezi wa kumi na mbili ilikuwa na ubaridi mtamu. Saa kumi na mbili asubuhi moto uliwashwa, mtu wa kiwanda akatazama saa, akaandika. Saa mbili Liao mwenyewe alileta nusu ndani ya bahasha, akaihesabu kwa sauti kama anayeng'oa meno yake moja moja. Saa tatu Siok-ling alikuwa njiani kwa pikipiki kwenda kwa mkopeshaji, na saa nne alirudi ameishikilia kadi ya lori juu ya kichwa kwa mikono miwili, pikipiki ikijiendea. Hok-tsui alimfokea kuhusu usukani. Kisha akaingia nyuma ya vikapu vya mvuke, akakaa huko kidogo. Alipotoka alisema ni mvuke.

Katikati ya uwanja kilikaa kigoda kimoja kitupu, miguu yake minne imechorewa chaki. Mlinzi wa kiwanda alisimama karibu, amekunja mikono. Watoto wa wafanyakazi walikuwa wamekatazwa kukikaribia, na kwa hiyo hawakutaka kucheza mahali pengine popote.

Watu mia sita walikula. Wali wa kunata na kaa, kamba, chewa wa mvuke. Wafanyakazi walipiga meza kwa vijiti wakidai wimbo, na Bosi akaimba vibaya kwa furaha. Bi Kang alikuwa amealikwa, akakaa meza ya mbele, ya Bosi, kati ya Liao na yule mhasibu. Kuku aliletwa, na Hok-tsui kwa mkono wake mwenyewe akageuza sahani mpaka mdomo wa kuku ukatazama moja kwa moja kwenye tai ya Bosi.

"Kifungu cha tisa," alisema.

"Kimetimizwa," alisema Bi Kang, akashangiliwa.

Sahani ya nane ilikuwa supu ya mtungi: mbavu, magimbi na kome wakavu, mtungi mmoja mrefu wa udongo kwa kila meza. Ilikuwa imefika tu, vifuniko vinaondolewa, ndipo ardhi ilipotikisika.

Watu wa Sua-kha hawapigi kelele kwa tetemeko dogo. Walishika vikombe vyao, wakangoja, kama mtu anavyongoja lori zito lipite. Taa za hema zilicheza. Mabeseni yaliimba. Mitungi mirefu ikaanza kuyumba, ukaanguka mmoja, miwili, halafu kila upande, supu ikatiririka juu ya vitambaa vyekundu na kwenye mapaja ya watu. Lilipokwisha, Hok-tsui aliitazama mitungi. Ishirini na tatu chini. Beseni hakuna hata moja lililopata shida.

"Jamani!" alipiga kelele mlinzi. "Kigoda!"

Wote waligeuka. Kigoda chekundu kilikuwa kimetembea shubiri nzima nje ya chaki, na sasa kimesimama hapo, kitupu, kama kilichojibu swali.

"Kuna aliyekigusa?" aliuliza Bosi.

"Hakuna!" walijibu watoto ishirini, kwa uchungu.

"Upepo?"

Hapakuwa na upepo wa kuzima hata kiberiti.

Siok-ling alikuwa ameshautoa mkataba kwenye mfuko wa aproni. Alisoma, na sauti ilianza kumponyoka kwa kicheko. "*Kikitoka ndani ya alama bila kuguswa na mtu, hasara itagawanywa nusu kwa nusu.* Meneja, si haya maneno ni yako?"

Liao alifungua mdomo. Lakini hakuna aliyekuwa akimtazama usoni, walitazama mbele yake. Tetemeko lilikuwa limeizungusha sahani, na kichwa cha kuku, kope zimefumba, kilikuwa kimemwelekea yeye barabara. Mhasibu akajisogeza na kigoda chake pembeni.

"Bosi," alisema Liao, "hii haihesabiki."

"Mimi sijagusa kitu," alisema Bosi Giam, mikono juu, kidole kimoja kimepungua. Meza sitini zilipasuka kwa kicheko. "Mwalimu Kang! Mkataba unasemaje? Hiyo ni hasara? Maana watu wanaendelea kula. Na hii supu ilishafika mezani. Ni yangu au ni ya Fundi?"

Bi Kang alivaa miwani, akasoma kifungu cha sita, akarudia, akasoma cha tisa. Akavua miwani. "Niongezeeni kome," alisema.

Sahani ya tisa haikuwa ya kungoja. Hok-tsui alipaza sauti na vijana wake wakakimbia kufuta meza. Mitungi iliyosalimika ikagawanywa, meza hii ikiikaribisha ile, watu wakinywea bakuli moja. Yeye alisimama kando ya jiko, akachomoa kalamu nyuma ya sikio na karatasi nyekundu mfukoni, na kwa mwandiko wake wa darasa la sita akaanza: *Ardhi ikitikisika...*

Nini, kipo: supu imemwagika. Lini, lipo: sahani ya nane. Akarudi kwenye swali la kwanza, lile la nani, na hapo kalamu ikasimama. Alimtafuta wa kumlaumu. Miaka mingi hakuwa amewahi kumkosa. Lakini safari hii redio haikuwa imesema kitu, hakuna ofisi iliyofunga wala kufungua, hakuna aliyewahi wala aliyechelewa.

"Siok-ling," aliita, kalamu hewani, "hebu niambie. Ardhi ikitikisika, mkubwa wake ni nani?"